Ngao Haijui Saa

Wito ulinikuta nakunywa chai.

"Ndugu Sikudhani Malekela, Msimamizi wa Yadi ya Mabaki, Mkalapa. Unatakiwa kufika mbele ya Kamati ya Uchunguzi siku ya Alhamisi, 02:00. Tuhuma: upotevu wa mali ya vita, ndege nyuki 306."

Niliusoma kwenye kioo cha simu ya mkononi mara mbili, kisha nikamsomea Lazaro Msengi, dereva wangu wa winchi, ambaye tulikuwa tunagombea naye andazi la mwisho.

"Saa nane za usiku?" akauliza. "Hiyo kamati ni ya binadamu au ya wachawi?"

"Ni saa mbili asubuhi, Lazaro. Mtu kaiambia Ngao saa mbili, nayo ikaandika mbili. Si unaijua."

"Naijua sana. Mwezi uliopita ilinipangia chanjo saa tisa za usiku. Nikaenda zangu saa tatu asubuhi kama mtu mwenye akili timamu, nikachanjwa, nikarudi."

Tukacheka. Mkalapa nzima ilikuwa inacheka jambo hilo tangu vita vianze na serikali iiachie Ngao, mashine ya kulinda anga, kuandika mpaka ratiba zake. Ngao haijui saa, watu walisema, kama unavyosema mjomba fulani hasikii vizuri, na ukishamzoea unapaza sauti tu. Halafu andazi nikamwachia Lazaro, maana lile neno "upotevu" ndiyo kwanza lilikuwa linashuka. Serikali ilikuwa inaniita mwizi.

Niieleze kazi yangu ili unielewe. Mimi ni mwokota mabaki. Ndege nyuki za ng'ambo, zile ndogo zisizo na rubani, zikija, Ngao inazitungua kwa mwale, zinaanguka kwenye mashamba ya watu, na mimi na Lazaro tunazifuata na gari la winchi kabla mbuzi hawajaanza kulamba betri. Kila moja ina injini yenye ukubwa wa sufuria ya pilau, ya chuma kisichoungua hata ukitie kwenye tanuri la chokaa. Kila injini naipa namba yake ya yadi. Ninaiandika namba hiyo kwenye daftari, na kijiji, na shamba ni la nani, na saa ngapi, kwa mkono wangu huu. Nimefanya hivyo miaka mitatu.

Na naipenda kazi hii, sioni haya kusema. Kwa miaka ishirini kabla ya vita nilikuwa fundi wa mashine za kusaga, nakohoa unga mpaka ndotoni. Sasa nazunguka mashambani kwenye hewa safi, wenyeji wananipa mihogo na habari za wakwe zao, na yadi yangu imepangwa mistari kama darasa la watoto wenye adabu. Alhamisi ile ilikuwa imebakiza miezi kumi na moja nistaafu.

*

Meja Beatus Kahangwa alikuja yadini Jumanne. Ndiye mkuu wa Kikosi cha Tatu, wale wanaokaa na Ngao na kuiambia nini kimeanguka wapi. Ana umri wa mwanangu wa kwanza, na hata akiwa na nyota begani hajawahi kunipita bila salamu.

"Shikamoo, Mama Siku."

"Marahaba, afande. Umekuja kunifunga pingu au kunywa chai?"

"Nimekuja kukusaidia, mama." Akakaa juu ya tairi, akatoa fomu. "Ngao inasema tumetungua mia sita na kumi na mbili. Hapa yadini zipo mia tatu na sita. Wakaguzi wa makao makuu wanauliza nusu nyingine iko wapi, na wameshaanza kutaja wauza vyuma chakavu. Adhabu yake ni miaka kumi na tano. Hutaki kufika huko, na mimi sitaki."

Fomu ilikuwa fupi. Ilisema kwamba mimi, msimamizi, nathibitisha kuwa ndege nyuki mia tatu na sita ziliteketea angani zisiache mabaki. Chini yake mstari wa saini.

"Chuma hiki hakiteketei, afande. Unajua."

"Kwenye karatasi kinateketea."

"Na hizo zilizoteketea, alama zake za ushindi zitakwenda kwa nani?"

Akaangalia viatu vyake. Meja si mtu mbaya, na mtu asiye mbaya akidanganya huwa anaangalia viatu. "Zitakwenda kwa Ngao," akasema. "Ijumaa Bunge linapiga kura ya Ngao ya Pili. Wakisikia kwamba mwale wetu unachoma mpaka chuma, na adui anarusha nyingi kiasi hicho, watapitisha bila mjadala."

"Na bwawa la Sengeko?"

"Bwawa litasubiri, mama. Fungu ni moja."

Bwawa la Sengeko limesubiri tangu nina meno ya maziwa. Mkalapa tunanunua maji kwa dumu, na ukiona mwanamke wa hapa anatembea ameinama upande mmoja hata akiwa hana kitu mkononi, ujue ni hilo dumu.

Sikusema hivyo. Nilisema, "Kwa hiyo mimi nisaini, nipone, wewe upande cheo, na sisi tuendelee kunywa vumbi."

"Mama Siku." Akanyoosha kidole kuelekea soko. Kutoka yadini unauona Ubao wa Ushindi, juu ya paa la soko, namba zake za mwanga zikisomeka hata adhuhuri: 612. "Watu wanalima kwa sababu ya ule ubao. Mwaka wa kwanza mashamba yalilala, unakumbuka? Walikuwa wanaogopa kusimama mahali peupe. Ubao ukaanza kupanda, wakatoka. Ukiuchezea, unacheza na chakula cha mwaka mzima. Hilo nalo lifikirie."

Hapo alinigusa, sikatai. Nilikuwepo ule mwaka wa kwanza. Niliona alizeti zikikauka zimesimama, na wenyewe wamejifungia ndani wakizitazama kwa dirishani.

"Niachie nilale nayo," nikamwambia. "Ila uniletee orodha ya hizo zilizopotea. Nisaini kitu ninachokijua."

Nilikusudia kusaini, nakuapia. Kalamu nilishaitoa sikioni. Kitu kimoja tu kilikuwa kinaniwasha. Mia tatu na sita zipo, mia tatu na sita hazipo. Mwizi gani anaiba nusu kamili? Mwizi hana mizani hiyo.

*

Orodha ilifika Jumatano asubuhi, kurasa kumi na moja. Nikaifungua mezani, na daftari langu pembeni, na Lazaro akatoa miwani yake ambayo huwa anasema haihitaji.

"Soma ya kwanza," nikasema.

"Moja. Kilungule, shamba la alizeti la Mzee Mpinga, tarehe nne Machi, 03:10. Hiyo ni saa tisa na dakika kumi za usiku."

Kilungule naikumbuka. Mzee Mpinga alitushindisha njaa kwa maneno, anasimulia tu jinsi alivyodhani ni radi. Tulikwenda pale siku moja tu, na tuliokota ndege moja tu. Nikafungua daftari tarehe nne Machi. Niliandika: Kilungule, Mzee Mpinga, moja, saa tatu na dakika kumi asubuhi.

"Soma nyingine."

"Ndulungu, nyuma ya kanisa, tarehe ishirini Aprili, 22:00. Saa nne usiku."

"Saa nne usiku nyuma ya kanisa palikuwa na nani, popo? Iliangukia kwaya wakifanya mazoezi. Mwalimu wa kwaya alitupa soda. Nimeandika hapa, saa kumi jioni."

Lazaro akavua miwani. Mimi nilikuwa nimeshaelewa.

Sasa sikiliza namna Ngao inavyofanya kazi, haina ugumu. Ina macho na ina masikio. Macho ni rada: kitu kikianguka, rada inaandika mahali na saa yenyewe. Masikio ni redio: askari akiona kimeanguka, anaiambia Ngao kwa mdomo, kwa Kiswahili chake, nayo inaandika. Habari mbili za mahali pamoja zikikaribiana kwa dakika kumi, inaziunganisha kuwa moja. Zikiachana, inahesabu mbili. Macho yasipoona, inaamini masikio; masikio yasiposikia, inaamini macho. Waliitengeneza hivyo ili ushindi wowote usipotee.

Na waliitengeneza mbali. Hao wahandisi kwao siku inaanza usiku wa manane. Kwetu siku inaanza jua likichomoza, na saa ya kwanza ikitimia ndiyo saa moja. Askari anasema saa tatu asubuhi, Ngao inaandika tatu. Macho yake yenyewe yameandika tisa. Saa sita katikati; na akisema saa kumi jioni, inaandika kumi ya usiku ya wahandisi, ishirini na mbili, macho yakiwa yameandika kumi na sita. Basi zinakuwa mbili, na ubao unapanda mara mbili.

Tulizipitia zote mpaka saa sita mchana. Mia tatu na sita. Kila iliyopotea ilikuwa na pacha wake yadini, kijiji kilekile, shamba lilelile, saa sita mbele au saa sita nyuma.

"Kwa hiyo hukuiba," Lazaro akasema.

"Sikuiba."

"Na hazikuteketea."

"Hazijawahi kuwepo. Lazaro, adui karusha nusu ya tulivyoambiwa. Vita vyetu ni nusu. Unaona habari njema hiyo?"

Akaikunja miwani taratibu. Lazaro ana watoto watano na busara ya mtu mwenye watoto watano. "Habari njema isiyo na mnunuzi, dada. Meja ana nyota za mia sita. Makao makuu wana Ngao ya Pili ya mia sita. Wewe ndiye peke yako mwenye mia tatu. Ukisema, watakuuliza umetoa wapi siri za vita. Ukisaini, kesho tunakwenda zetu kuokota. Una miezi kumi na moja tu. Una haraka gani ya kuwa shujaa?"

Sikuwa na haraka yoyote. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa naona aibu kuogopa mbele ya injini mia tatu na sita zilizojipanga zinanitazama. Kila moja nimeiandika kwa namba yake. Nikisaini kwamba wenzao waliungua, nitakuwa nimeliharibu daftari langu kwa mkono wangu mwenyewe, na baada ya hapo ni nani ataniamini hata nikisema leo ni Jumatano? Nikawaza bwawa. Nikawaza maneno ya Meja, watu wanaolima kwa sababu ya ubao. Halafu nikajiuliza: hivi mtu aliyeambiwa maadui ni wengi mara mbili, huyo unamtuliza au unamtisha?

Fomu nikaitumia kufungia vitumbua.

*

Alhamisi nilifika saa mbili asubuhi, na kamati ilikuwepo, watu watatu wamepiga suti. Hakuna aliyefika saa nane za usiku. Mwenyekiti alikuwa Jaji mstaafu Perpetua Nkinga, mama mfupi wa sauti ndogo, aina ya wale wanaokufanya uinamishe kichwa uwasikie. Kikao kilikuwa ukumbi wa halmashauri, dirisha moja linatazama soko na ubao wake. Meja alikaa ukutani na redio ya kikosi kiunoni.

Walisoma tuhuma. Walisoma adhabu. Wakanipa nafasi, nikaeleza kama nilivyokueleza wewe, nikafungua daftari, nikawasomea Kilungule na Ndulungu na nyingine kama arobaini, mpaka mjumbe mmoja wa makao makuu akachoka.

"Mheshimiwa Jaji," akasema, "tunasikiliza hadithi za saa. Ngao imegharimu mapato ya miaka minne ya jimbo zima. Haiwezi kushindwa kusoma saa."

"Wito wangu umeandikwa 02:00," nikasema. "Mheshimiwa mwenyewe amefika saa ngapi?"

Jaji akafunika mdomo kwa kiganja. Kisha akamgeukia Meja.

"Meja Kahangwa, hiyo redio inaongea na Ngao?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Hakuna ndege nyuki asubuhi hii?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Mbingu nyeupe."

"Basi toa taarifa ya jaribio. Iambie mmetungua moja, hapahapa, sasa hivi. Saa ngapi?"

Wote tukatazama saa ya ukutani. Saa nne kasorobo.

Meja akasimama. Akaitoa redio, akaishika muda mrefu kuliko inavyohitajika. Nilijua anawaza nini, na nadhani Jaji naye alijua. Kuna namna ya wahandisi ya kutaja saa, namba tupu kuanzia usiku wa manane, maofisa wote wameifundishwa chuoni. Angesema tisa arobaini na tano. Ngao ingeandika sawasawa, mimi ningeonekana mzushi, na yeye angeondoka na nyota zake. Hakuna ambaye angemlaumu, maana ndivyo kitabu kinavyotaka. Nilimwangalia usoni, yeye akaangalia viatu vyake.

Kisha akainua kichwa.

"Ngao, hapa Kikosi cha Tatu," akasema, kwa sauti anayomsalimia nayo mama yake. "Tumetungua moja. Mkalapa, halmashauri. Saa nne kasorobo asubuhi."

"Imepokelewa," Ngao ikajibu, sauti tamu kama ya mtangazaji wa harusi. "Ndege nyuki moja. Mkalapa. 03:45. Hongera, Kikosi cha Tatu."

Kutoka dirishani tukasikia makofi. Kwanza wachache, halafu soko zima. Vigelegele vikaanza upande wa wauza nyanya. Mtu akapiga honi ya pikipiki mara tatu. Nilisogea dirishani. Ubao ulisomeka 613, na watu walikuwa wanakumbatiana chini yake kwa ajili ya ndege ambayo haikuwepo.

Nilitamani kucheka lakini nikajikuta nalia. Miaka mitatu nilikuwa napiga vigelegele nami.

Jaji Nkinga alikuja akasimama karibu yangu, akatazama mpaka kelele zilipopoa.

"Mama Malekela," akasema kwa ile sauti yake ndogo, "hizo mia tatu na sita za kweli ziko wapi?"

"Yadini, Mheshimiwa. Zimepangwa. Ukitaka nakuhesabia."

"Nataka," akasema. Akachukua mkoba wake, na kamati yote ikalazimika kumfuata.

*

Alihesabu zote mwenyewe, injini moja moja, kwa kidole, akikataa kiti. Taarifa yake ilifika bungeni Ijumaa kabla ya kura. Ngao ya Pili haikukataliwa, usije ukadhani ninakusimulia ngano. Iliahirishwa, na mwanasiasa akiahirisha amekaribia kuomba radhi. Tuhuma zangu zilifutwa kwa barua iliyoandikwa 05:00, ikaletwa saa tano asubuhi. Meja aliripoti kosa la saa kwa jina lake mwenyewe, akabaki na nyota zilezile. Aliponipitia yadini hakuangalia viatu.

Tatizo likawa ubao. Amri ilikuja usomeke 306, fundi akapanda, akakaa huko juu nusu saa, akateremka anajikuna kichwa.

"Haurudi nyuma," akasema. "Umetengenezwa kupanda tu. Hakuna aliyewaza kuna siku utahitaji kushuka."

Kwa hiyo Jumatatu iliyofuata tulikwenda mimi na Lazaro na winchi. Watu walisogea, wakatuachia nafasi, hawakupenda. Muuza nyanya mmoja, Bi Ng'washi, ambaye sauti yake niliitambua kwenye vile vigelegele, akanishika mkono.

"Mama Siku, niambie bila kunificha. Mbona mnaushusha? Tumeshindwa?"

"Hapana, dada. Hesabu ilikuwa imeongezwa. Adui ni nusu ya tulivyokuwa tunaambiwa."

Akafikiri kidogo, nyanya mkononi. "Nusu?"

"Nusu."

"Kumbe miaka yote hii nimeogopa mara mbili," akasema. "Nani atanirudishia?"

Alinipa nyanya nne, akarudi kupanga mafungu yake, na nikaona amelihamisha genge kutoka chini ya kibaraza mpaka mahali peupe, penye jua. Wengine wawili wakamfuata.

Ubao ulikuwa mzito kuliko tulivyodhani. Tuliulaza yadini mwisho wa mstari, baada ya injini ya mwisho, namba zake bado zinawaka. Nikachukua kalamu sikioni, nikafungua daftari. Namba 307. Aina: ubao. Mahali: soko la Mkalapa. Saa: nne asubuhi, nikaandika kwa maneno, na jua lilikuwa juu ya paa la mashine ya kusaga.

Lazaro alikuwa ameshika redio ya gari. "Niiarifu Ngao kwamba tumeuokota?"

"Usithubutu," nikamwambia. "Ikisikia, itahesabu mbao mbili."